Vijiti Kumi na Kimoja Kibanjani

— Kasinge waitu.

Georgina alidhani amesikia vibaya. Sanduku lilikuwa bado mkononi, vumbi la barabara ya kutoka Kemondo limemjaa mpaka kwenye kope. Mbele yake, kwenye uwanja uliofagiwa vizuri, Mzee Ildefons alikuwa amevua kofia na kupiga magoti yote mawili chini. Mzee wa miaka sitini na mitatu, jamani! Baba wa mwanamume anayetaka kumuoa! Na salamu yenyewe ilikuwa ile ambayo zamani mkulima alimpa bwana mwenye ardhi, akimwita waitu, bwana wetu.

— Baba, unafanya nini? Inuka, tafadhali!

— Karibu, waitu. Hatukuwa na habari kwamba unafika leo. Tungekuwekea kiti.

Miezi mitatu tu iliyopita, mwezi wa Aprili, huyu huyu Ildefons alimcheka mpaka machozi yakamtoka kwa sababu msomi wa Chuo Kikuu alikuwa anamenya ndizi kama anachonga penseli. Alimwita "mwanangu". Alimwambia hata siri ya mahali anapoficha rubisi, pombe yake ya ndizi, ili mke wake asiione. Leo amepiga magoti na hamtazami usoni.

— Mama Celina, mwambie ainuke! Kuna nini?

Mama Celina, mke wa mzee, alikuwa mlangoni. Alijifunga kanga upya, akaangalia pembeni.

Ndipo Apolinary alipotokea nyuma ya nyumba, shati la ualimu limelowa jasho. Alimshika baba yake kwapani akamwinua, mzee akawa mzito kwa makusudi. Georgina alikuwa ameliota lile shati tangu Aprili, amelisafiria siku nne kwa treni na meli. Akatabasamu. Apolinary hakutabasamu.

— Jina lako nani? akamwuliza.

— Apo, ni swali gani hilo?

— Jina lako lote. Nilikutumia simu ya maandishi uje useme. Sasa umefika. Sema.

Simu ile ilikuwa mkobani, imekunjwa mara nne. Ilimkuta Dar es Salaam, Mlimani, maktabani, akiwa anaandika sura ya mwisho ya utafiti wake: MICHE IMESHIKA. BABA HALI CHAKULA. NJOO USEME WEWE NI NANI. APOLINARY. Habari ya miche hakuielewa kabisa. Agizo la mwisho alilielewa vizuri sana, na ndilo lililomtoa jasho njia nzima.

— Georgina Kokugonza, akasema taratibu. Georgina Kokugonza Mutembei.

— Mutembei wa Kitendaguro?

— Ni babu yangu.

Mama Celina akapiga kofi mapajani. — Si nilisema! Mjumbe Protase alimtambua kanisani, mkambishia!

Sasa hapa lazima nikueleze, maana bila hili huwezi kuelewa kwa nini jina la mtu lilimfanya mzee apige magoti. Huku kwetu zamani kulikuwa na nyarubanja. Bwana mmoja alipewa ardhi ya kijiji kizima, na wakulima waliokuwa juu yake wakawa watu wake. Kila mwaka walimpelekea mikungu ya ndizi, rubisi na siku za kazi, na wakimkosea, aliwatoa. Kijiji hiki cha Nyakatama, chote, kilikuwa nyarubanja ya Mutembei. Uhuru ulipokuja serikali ikaanza kuukata mfumo huo, na mwaka sitini na nane sheria ikasema wazi: ardhi ni ya anayeilima. Kwa heri mikungu, kwa heri magoti. Utafiti wa Georgina ulikuwa juu ya sheria hiyo hiyo: je, mageuzi yalifika mpaka kibanjani, kwenye shamba la migomba na kahawa la mkulima mwenyewe, au yaliishia kwenye karatasi?

Kwa hiyo alipokuja Aprili kuwahoji watu, alificha jina la ukoo. Alijiambia ni kwa ajili ya kazi, kwamba nani atasema ukweli juu ya bwana mbele ya mjukuu wa bwana? Sawa. Lakini alipompenda mwalimu Apolinary, mwana wa Ildefons, wiki ya pili tu, wakikaa juu ya jiwe wakitafuna kahawa na kubishana juu ya Azimio la Arusha, kazi haikuwa sababu tena. Alinyamaza kwa sababu aliogopa. Basi.

— Nilikosea kuficha, akasema. Baba Ildefons, naomba radhi. Lakini mimi si babu yangu. Sijaja kuchukua chochote.

Mzee akanyoosha kidole kuelekea kibanjani, bado macho chini.

— Na ile, waitu?

Georgina akageuka.

Katikati ya kibanja, kuanzia njia ya kuingilia mpaka bondeni, ilikuwa imesimama mistari ya majani mapya ya kijani. Si mistari, mstari. Mmoja, umenyooka kabisa. Miche kumi na mmoja, kila mmoja umefika gotini, majani yanang'aa.

— Milamula, akasema. Nani ameipanda hapo katikati?

Mzee na mke wake wakamtazama mwana wao.

— Wewe, akajibu Apolinary.

Kila mtoto wa Kihaya anaujua mlamula. Ndio mti wa mpaka. Ukipandwa ardhini mbele ya watu, pale ndipo cha kwangu kinapoishia na chako kinapoanzia, na mkono mwingine hauung'oi. Georgina naye aliujua, lakini aliujua kama mtoto aliyekulia Bukoba mjini na shule ya masista: aliujua kwa jina na kwa hadithi. Na sasa kumbukumbu ikamjia.

Siku ya mwisho ya Aprili. Apolinary yuko shuleni. Basi linakaribia kuja, na yeye anataka kupima kibanja achore ramani ya utafiti. Anahitaji vijiti vya kufungia kamba. Anakata matawi kwenye kichaka cha pembeni, anayapukutisha majani haraka haraka, anayapigilia ardhini kwa jiwe, kumi na kimoja. Anapima, anaandika, anakunja kamba, Apolinary anafika kumuaga, wanakimbilia basi. Vijiti anaviacha. Nani anaangalia kijiti?

Mvua za Mei ziliviangalia.

— Yesu wangu, akasema Georgina. Vilikuwa vijiti! Vya kufungia kamba! Sikujua ni mlamula!

— Mjukuu wa Mutembei, akasema Mama Celina polepole. Amekuja bila jina la baba yake. Ametuuliza nani alilima wapi tangu lini. Amepima. Amepanda milamula katikati ya kibanja. Ameondoka. Wewe ungekuwa mimi, binti, ungefikiri nini?

Georgina akatembea mpaka kwenye mstari, na hapo ndipo alipoona jambo ambalo hajalisahau mpaka leo.

Upande wa kushoto, ulio na nyumba, kibanja kilikuwa kibanja: migomba imepogolewa, nyasi zimetandazwa chini, kahawa imechumwa. Upande wa kulia, hatua moja tu kuvuka miche, kahawa ilikuwa imeiva, ikapita kuiva, ikadondoka, ikawa nyeusi ardhini. Mikungu ilikuwa imejiivia juu ya migomba, ndege wameila nusu. Hakuna aliyekanyaga huko. Wiki nane nzima. Mtu aliyeamka alfajiri miaka arobaini kuihudumia ile kahawa alikuwa ameiangalia ikioza kutoka mlangoni kwake, na hakuvuka, kwa sababu ya vijiti vilivyopigiliwa na msichana mwenye haraka.

Alisoma vitabu vingi Mlimani juu ya nguvu ya dola, nguvu ya sheria, nguvu ya umma. Hakuwahi kuona nguvu kama ile.

— Baba Ildefons, sheria ipo! Kibanja hiki ni chako, kimeandikwa! Hata babu yangu mwenyewe hawezi kukigusa!

— Ndiyo, waitu. Tulitangaziwa. Mjumbe alitusomea vizuri kabisa.

— Sasa kwa nini hukuvuka?

Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa mekundu.

— Waliotunga sheria wako Dar es Salaam. Milamula iko hapa.

Georgina akainama ghafla, akashika mche wa kwanza kwa mikono miwili. Mama Celina akapiga ukelele, na mtu mmoja aliyekuwa akija njiani akakimbia na kumshika bega. Alikuwa Protase, mjumbe wa nyumba kumi, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, kadi ya TANU mfukoni mwa shati siku zote.

— Acha! Acha, binti! Unataka kuongeza la pili juu ya la kwanza?

— Lakini ni kosa! Nililipanda mimi, naling'oa mimi!

— Ni kweli mkono uliopanda ndio unaong'oa. Lakini mbele ya mashahidi, na aliyekutuma awepo.

— Sikutumwa na mtu!

— Basi aje aseme hivyo yeye mwenyewe. Kwa mdomo wake, akiwa amesimama hapa hapa.

— Ndugu mjumbe, wewe ni mtu wa chama! Wewe ndiye uliyewasomea sheria!

Protase akakohoa, akashusha sauti.

— Niliwasomea. Na ile kahawa, binti, hata mimi sijaivuka kwenda kuichuma.

* * *

Apolinary alimsindikiza mpaka barabarani kusubiri gari la Bukoba. Alibeba sanduku, lakini alitembea mbele, kama mtu anayembebea mgeni.

— Ulipoviona vile vijiti siku ile, wewe hukujua ni mlamula? Georgina akauliza. Wewe umezaliwa hapa!

— Niliviona nilipokuja kukuaga.

— Sasa?

— Sasa nini? Macho yangu yalikuwa kwako. Ungepanda mbuyu nisingeuona.

Ilikuwa nusura wacheke wote wawili. Apolinary akajizuia.

— Nimetaka kuing'oa mara mbili, Gina. Mara ya kwanza baba alisimama mbele yangu. Mara ya pili akasema nikiing'oa nimtafute baba mwingine. Hali chakula vizuri. Analala kidogo. Na mimi kila siku nawafundisha watoto kwamba hakuna bwana tena Tanzania, halafu narudi nyumbani nakuta bwana yuko kibanjani, ana majani.

— Nisamehe.

— Vijiti nimekusamehe kabla hujafika. Lakini jina? Tulikaa juu ya lile jiwe wiki tatu. Nilikuambia mpaka habari za mdogo wangu aliyekufa. Kwa nini mimi hukuniambia?

— Niliogopa.

— Uliogopa nini? Ningekupiga?

— Niliogopa ungenipigia magoti.

Apolinary akasimama. Akaweka sanduku chini.

— Mimi?

— Wewe, au moyo wako. Hata kidogo tu. Nilitaka mtu mmoja Nyakatama anipende akiwa amesimama wima.

Lori lilikuwa linasikika mbali likipanda mlima.

— Padri anatangaza ndoa yetu Jumapili, Apolinary akasema. Jina nililompa si jina lako. Na siwezi kuleta mke kwenye nyumba ambayo baba yangu atampigia magoti kila asubuhi. Ataniua kwa aibu, na wewe pia. Nenda kamlete Mutembei.

— Hatakuja, Apo. Tangu sheria ipite hajataja hata jina la kijiji hiki.

— Basi Jumapili Padri asitangaze kitu.

Alisema hivyo huku machozi yakimlengalenga, na hakuyafuta.

* * *

Mzee Mutembei alikuwa na miaka themanini na moja. Aliishi Kitendaguro, kwenye nyumba ya bati iliyozungukwa na migomba yake michache iliyobaki, na kila siku alivaa kanzu, koti na kofia kama mtu anayesubiri kuitwa barazani. Hakuna aliyekuwa anamwita.

— Msomi amerudi, akasema. Kazi imekwisha?

— Karibu inakwisha, babu.

— Nisomee.

— Imeandikwa kwa Kiingereza.

— Nisomee kwa lugha ya watu.

Georgina akatoa makaratasi. Akasoma ile sentensi aliyojivunia kuliko zote, ya kuhitimisha sura ya mwisho:

— "Woga wa wakulima wa nyarubanja ulikwisha siku ile sheria ilipopitishwa."

Babu akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka akatafuta leso.

— Nani kakuambia?

— Niliwahoji watu, babu. Thelathini na wawili. Wote walisema hivyo.

— Wewe ukiuliza na kalamu mkononi, ulitaka waseme nini?

Ndipo Georgina akalipuka. Akamwaga yote: kijiji, jina alilolificha, vijiti, kahawa inayooza, Ildefons kwenye vumbi. Na la mwisho, ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote nyumbani kwao:

— Na mwanawe ninampenda. Apolinary. Anataka kunioa, na mimi nataka anioe.

Mutembei hakucheka tena. Aliondoa kofia, akaiweka gotini.

— Kibanja cha Ildefons. Chenye jiwe kubwa karibu na njia?

— Ndiyo.

— Baba yake aliitwa Lameki. Mwaka mmoja alichelewesha rubisi yangu. Nilikuwa kijana, nimetoka kurithi, nataka waniogope. Nikaenda na watu wangu nikapanda milamula katikati ya kibanja chake. Mstari mmoja, kutoka njiani mpaka bondeni.

Georgina aliweka makaratasi chini.

— Pale pale?

— Pale pale. Lameki alikaa mbele yangu amepiga magoti tangu asubuhi mpaka jua likazama. Ndipo nikaing'oa. Mtoto wake alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia. Alikuwa na miaka kama sita. Ndiye huyo baba mkwe wako.

— Babu...

— Usiniambie kitu.

— Twende, babu. Njoo useme hukunituma. Ni neno moja tu.

— Serikali imenivua ardhi mbele ya watu. Sasa mjukuu wangu anataka niende mwenyewe nikajivue kilichobaki? Mimi? Kwa Ildefons? Toka hapa, Georgina. Niache.

Akatoka. Usiku ule alilia mpaka usingizi ukamkuta na viatu miguuni.

Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi, alipotoka nje akiwa ameshakata shauri kurudi Nyakatama peke yake kupokea aibu yake, alimkuta babu amekaa kwenye ngazi. Kanzu imepigwa pasi, fimbo katikati ya magoti.

— Basi la Muleba linaondoka saa ngapi? akauliza bila kumtazama.

— Saa mbili, babu.

— Tutachelewa. Wasomi mnalala sana.

* * *

Habari hutembea upesi kuliko basi. Walipofika, kijiji kizima kilikuwa kimejaa uwanjani kwa Ildefons. Wazee wenyewe walikuwa wamekaa upande mmoja, na waliomjua Mutembei tangu enzi zake walishusha macho bila hata kujua wanashusha.

Ildefons alisogea mbele. Akavua kofia. Magoti yakaanza kukunjika.

— Usipige magoti, akasema Mutembei.

— Waitu...

— Ukipiga magoti itabidi nikuinue, na mimi nguvu hizo sina tena. Tutaanguka wote watucheke.

Watu wengine wakacheka kidogo, kwa woga, wakanyamaza haraka. Ildefons akabaki katikati, amekunjika nusu, hajui aende chini au juu. Taratibu akanyooka.

— Nimekuja kukuuliza jambo, akasema Mutembei. Mpaka wako uko wapi?

Ukimya ulioanguka pale, ndugu zangu, ungesikia ndizi ikidondoka. Tangu nyarubanja iwe nyarubanja, bwana ndiye aliyemwambia mkulima mpaka wake. Hakuna aliyewahi kusikia bwana akiuliza.

Mzee Ildefons akaenda akaweka mkono juu ya jiwe la karibu na njia.

— Unaanzia hapa, kwenye jiwe.

— Nionyeshe.

Wakaanza kutembea. Ildefons mbele, Mutembei nyuma na fimbo yake, Georgina, Apolinary, na kijiji kizima nyuma yao mstari mmoja kwenye migomba. Kwenye kila mlamula wa zamani Ildefons alisimama.

— Huu aliupanda babu yangu. Shahidi alikuwa Mustapha, yule fundi cherehani aliyekuja kutoka mjini. Amefariki.

— Amefariki, akarudia Mutembei.

— Huu ulipandwa mwaka wa nzige. Shahidi Kokushubila, alikuwa mjane. Amefariki.

— Amefariki. Nilimfahamu.

Mti kwa mti. Jina kwa jina. Hakuna karatasi, hakuna ramani, hakuna kamba. Ildefons alikuwa na kibanja chote kichwani, na marehemu wote waliokilinda. Sauti yake ilikuwa inapanda kwa kila mti, mpaka walipofika bondeni alikuwa anaongea kwa nguvu kama mtu anayesoma somo kanisani. Georgina alitoa daftari aandike, kalamu ikamfia mkononi. Hakuandika hata neno. Alijiona mdogo, mdogo sana, na bado moyo ulikuwa umemjaa furaha asiyoweza kuieleza. Alikuwa amezunguka maktaba nzima kutafuta ushahidi wa jambo hili, na ushahidi wenyewe ulikuwa unatembea mbele yake bila viatu.

Wakarudi uwanjani. Ikabaki ile miche kumi na mmoja.

— Na hii? akauliza Mutembei.

Ildefons akaiangalia. Akamwangalia bwana wake wa zamani usoni, moja kwa moja.

— Hii siijui, akasema. Si ya mpaka wangu.

— Hata mimi siijui. Sikumtuma mtu kuipanda, na sina haki ya kumtuma. Mjumbe, umesikia?

— Nimesikia! akajibu Protase kwa sauti iliyofika kijiji cha pili.

— Georgina, ng'oa uchafu wako.

Akaanzia bondeni, akapiga magoti, akang'oa akipanda kuelekea nyumbani. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mizizi ilikuwa imeingia kweli, mikono ikachubuka. Apolinary alitaka kusaidia, Protase akamzuia kwa macho. Wa nane. Wa tisa. Wa kumi. Wa mwisho ulikuwa karibu kabisa na mlango wa nyumba, ardhi imekanyagwa ngumu, ukakataa. Alivuta, akavuta tena, mche ukamcheka.

Ndipo Mutembei alipoiachia fimbo yake.

Alishuka kidogo kidogo, mkono mmoja ukutani, goti la kwanza, halafu la pili, kanzu nyeupe kwenye vumbi. Akaanza kuchimba kwa vidole kuuzunguka mzizi.

Mama mmoja akasema "Mae!" akajiziba mdomo. Ilikuwa pale pale mlangoni, mahali alipowahi kusimama mtoto wa miaka sita akimwangalia baba yake.

Ildefons alisimama akiangalia. Halafu naye akashuka chini, akapiga magoti upande wa pili wa mche, akaingiza vidole vyake kwenye udongo ule ule.

— Vuta na wewe, waitu, akasema. Moja, mbili...

Mche ukatoka, wazee wote wawili wakaangukia makalio. Mutembei alikuwa analia waziwazi, machozi yanaingia ndevuni.

— Lameki alikaa hapa kutwa nzima, akasema. Ildefons, nilikuwa mjinga. Nilikuwa kijana mjinga. Nisamehe, na yeye anisamehe.

— Nilikuwa mlangoni, akasema Ildefons. Nimekuona leo pia. Yatosha.

Akamwinua. Kweli walikaribia kuanguka wote, na safari hii watu walicheka kwa sauti, wakapiga vigelegele, na watoto wakavuka mstari wakakimbilia upande wa pili kama maji yaliyofunguliwa. Mama Celina hakusubiri mtu. Alichukua kikapu, akaenda kuchuma kahawa iliyobaki, analia na kuimba.

Ndani, kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, Ildefons alimkaribisha Mutembei kahawa ya kutafuna. Kiti kilikuwepo. Mutembei alikitazama, akakisogeza pembeni kwa fimbo, akakaa kwenye nyasi.

Apolinary na Georgina walibaki nje karibu na jiwe. Georgina alikuwa na udongo mpaka viwikoni.

— Jina lako nani? Apolinary akauliza.

— Umeanza tena?

— Sema tu. Nataka kumpelekea Padri kabla ya jioni.

— Georgina Kokugonza Mutembei.

— Na unampenda nani, Georgina Kokugonza Mutembei?

— Mwalimu mmoja hivi. Haoni vizuri. Hata mlamula haujui.

Apolinary akamvuta kwake mbele ya kijiji kizima, na udongo ukahamia kwenye shati la ualimu.

Jumapili Padri alisoma jina lote, na kanisa lote likageuka kumtazama Mzee Ildefons. Alikuwa amekaa wima, kifua mbele, akiitikia kwa kichwa kila neno. Ile miche kumi na mmoja haikutupwa. Ildefons alikata kipande cha kibanja upande ule uliooza, akawapa maharusi, na akaipanda pembezoni mwa kipande hicho, mahali pake, mashahidi wakiwa Protase na Mutembei.

Georgina alirudi Mlimani na kazi yake. Ile sentensi aliyojivunia aliifuta kwa mstari mmoja, akaandika nyingine: "Katika kijiji cha Nyakatama, woga huo ulikwisha Jumamosi, tarehe 18 Julai 1970, saa saba mchana."

Mwalimu wake aliizungushia wino mwekundu, akaandika pembeni: Umepata wapi habari hii?

Georgina akaandika chini yake kwa penseli: Kwa baba mkwe.